Je, kura yangu ya 2027 itanipunguzia kodi?

Swali: Nina duka dogo la urembo Likoni, Mombasa, na mauzo mengine nayafanya mtandaoni. Mwaka 2022 nilipiga kura nikiamini mzigo wa kodi utapungua. Badala yake petroli ilipanda, kodi yangu ya mauzo ikaongezwa, na mume wangu akaanza kukatwa pesa za nyumba kwenye mshahara. Sasa wameanza tena kuzunguka na ahadi za 2027. Kaka yangu aliyeko Minnesota naye ananiambia kwamba tangu Trump ashinde, hata pesa za kutuma nyumbani zimewekewa kodi. Je, kura hubadilisha kodi kweli au ni sura tu zinazobadilika? Na uchaguzi wa Marekani unafikaje mfukoni mwangu?

Jibu: Dada yangu, nikupe jibu lenyewe kwanza, maelezo yafuate. Uchaguzi hauamui serikali itahitaji shilingi ngapi. Hilo kwa sehemu kubwa huwa limeshaamuliwa na madeni, mishahara ya watumishi na mikataba iliyotiwa saini kabla hata wagombea hawajachukua fomu. Uchaguzi unaamua nani ataguswa kwanza, kwa jina gani na katika mwaka upi. Si jambo dogo hilo. Ila ni tofauti kabisa na ahadi ya “tutapunguza kodi”, na ndiyo maana unahisi umechezewa.

Chukua petroli, kwa kuwa umeitaja mwenyewe. Sheria mpya ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilipitishwa mwaka 2013, miezi michache baada ya uchaguzi wa Machi. Bidhaa nyingi zilianza kutozwa 16%, lakini mafuta yakasamehewa kwa miaka mitatu. Hesabu: miaka mitatu ingeisha Septemba 2016, chini ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Hakuna mbunge anayetaka kwenda kuomba kura huku nauli ya matatu imepanda jana yake. Msamaha ukaongezwa miaka miwili, mpaka Septemba 2018. Uchaguzi ukapita, tena ukarudiwa Oktoba, na ilipofika tarehe 1 Septemba 2018 kodi ya 16% ikaanza kutozwa kwenye pampu. Wabunge walikuwa wameshapiga kura kuiahirisha hadi 2020, Rais Uhuru Kenyatta akakataa kutia saini, na baada ya kikao chenye vurumai bungeni ikashushwa hadi 8%. Nusu hiyo iliyobaki ilikaa kimya miaka mitano, ikavuka uchaguzi wa 2022, na Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya kila mwaka inayopanga kodi, ikairudisha 16%.

Weka tarehe hizo kando ya tarehe za uchaguzi: 2013, 2018, 2023. Kila mara kodi inayouma huingia mwaka ule ule wa uchaguzi kura zikishahesabiwa, au mwaka unaofuata, na kila mara uchaguzi ukikaribia huahirishwa au huguswa kwa mkono mwepesi. Marais walikuwa wawili tofauti, miungano ya vyama tofauti, na kodi ikabaki kuwa ile ile. Kwa hiyo usishangae bajeti ya mwaka wa uchaguzi ikiwa laini. Ulaini huo haumaanishi pesa zimepatikana.

Kwa nini serikali mpya haiwezi kuachana tu na mipango ya iliyotangulia? Tazama meza aliyoikuta William Ruto alipoapishwa Septemba 2022. Mpango wa mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ulikuwa umeidhinishwa Aprili 2021, na sharti lake kuu lilikuwa kuongeza mapato na kupunguza nakisi, yaani pengo kati ya matumizi na mapato. Kulikuwa na hati ya mkopo wa kigeni ya dola bilioni 2, iliyochukuliwa 2014, ambayo ilipaswa kulipwa Juni 2024. Angeshinda Raila Odinga, angeketi kwenye meza ile ile. Ndipo serikali ilipokopa dola bilioni 1.5 Februari 2024, kwa gharama inayozidi 10% kwa mwaka, ili kulipa sehemu ya deni la zamani. Wadai hawapigi kura Kenya, lakini usisome mswada wa kodi bila kuwakumbuka.

Hata hivyo, usinielewe vibaya kwamba wote ni sawa. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa na alama za vidole za walioshinda. Makato ya nyumba ya 1.5% kwa mfanyakazi na 1.5% kwa mwajiri wake yalitokana na ahadi ya kampeni ya nyumba za bei nafuu. Upande wa pili uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini, nazo zingehitaji kutoka mahali fulani. Hapa ndipo ninapowaambia wateja wangu wasome manifesto kwa kuanzia nyuma: ruka ukurasa wa kodi, ambao kila mtu huujaza asali, nenda kwenye ukurasa wa matumizi. Kila ahadi ya kujenga, kulipa au kugawa ambayo haikutajiwa chanzo chake cha pesa, ichukulie kuwa ni kodi ambayo haijapewa jina. Waliosoma sehemu ya nyumba mwaka 2022 kwa jicho hilo hawakushtuka sana mwaka 2023.

Sheria hiyo hiyo iliwagusa wenye mishahara mikubwa pia, jambo ambalo kwenye kelele za petroli lilisahaulika: wanaozidi shilingi 500,000 kwa mwezi waliwekewa ngazi ya 32.5%, na wanaozidi 800,000 wakawekewa 35%. Na ninyi wenye biashara ndogo mliongezwa kutoka 1% hadi 3% ya mauzo, kwa wanaouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Asilimia 3 ya mauzo, si ya faida; mtu wa duka anajua tofauti yake. Ukiuza bidhaa za shilingi 100,000 ukabakiwa na faida ya 12,000, kodi ni 3,000, yaani robo ya faida yako.

Sasa, kura gani hasa inayogusa kodi? Watu wengi hupigia rais kura ya kodi, mbunge wakamchagua kwa sababu ya basari na mazishi. Mimi naona imepinduliwa. Mswada wa Fedha unapitishwa na Bunge la Taifa. Seneti haiupigii kura, na gavana wako hahusiki. Ule wa 2023 ulipita kwa kura 184 dhidi ya 88. Ule wa 2024 ulipita kwa 195 dhidi ya 106, tarehe 25 Juni, siku ambayo vijana waandamanaji walivamia bunge. Ukitafuta jina la mbunge wako kwenye orodha za siku hizo mbili utajua zaidi kuhusu kodi yake kuliko kwenye mikutano yake yote ya kampeni. Baadhi waliochaguliwa kama wagombea huru au kwa tiketi za muungano ulioshindwa walihamia upande wa serikali wiki chache tu baada ya matokeo. Wapiga kura wao hawakuulizwa.

Na 2024 inatufundisha jambo jingine. Mswada ule ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. VAT kwenye mkate na kodi ya 2.5% ya thamani ya gari zilikuwa zimeshaondolewa kabla ya kura kwa sababu ya hasira ya wananchi. Baada ya tarehe 25 na damu iliyomwagika, Rais akatangaza kesho yake kwamba hatausaini. Hapakuwa na uchaguzi. Lakini Agosti mwaka huo huo John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa ODM, chama kikuu cha upinzani, akaapishwa kuwa waziri wa Fedha. Na Desemba 2024 zikatiwa saini sheria za marekebisho ya kodi ambazo zilirudisha vipande kadhaa vya mswada uliokufa Juni. Mtu wa upinzani alipewa kalamu, akaikuta hesabu ile ile. Simlaumu sana. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Usije ukadhani hii ni laana ya Kenya peke yake. Ghana walikuwa na tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Mei 2022 kwa 1.5%, na watu waliichukia kupita kiasi. John Mahama aliahidi kuifuta, akashinda Desemba 2024, na mwanzoni mwa Aprili 2025 akaifuta kweli, pamoja na kodi ya ushindi wa kamari. Ahadi ilitimizwa! Miezi miwili baadaye bunge lao likapitisha tozo ya sedi 1 kwa kila lita ya mafuta, ili kulipia madeni ya sekta ya umeme. Aliyekuwa anatozwa kwa kutuma pesa sasa anatozwa kwa kujaza tangi. Kama wewe ni mtu wa kutuma pesa kila siku na huna gari, umenufaika. Kama ni dereva wa teksi, umeongezewa. Hivyo ndivyo kura hubadilisha kodi.

Tanzania ilikuwa kinyume chake. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, miezi tisa baada ya uchaguzi ulioliacha Bunge karibu lote mikononi mwa chama kimoja. Ikapunguzwa 30% Septemba hiyo hiyo na kukatwa tena 2022, bila uchaguzi wowote kati yake. Watu walipunguza kutumia huduma na malalamiko yakajaa kila mahali, hilo lilitosha.

Nije kwenye Marekani, kwa sababu hapo ndipo swali lako lilipo zito. Kodi za kimataifa ni makubaliano kati ya nchi, na nchi kubwa ikibadilisha serikali, makubaliano huyumba. Mwaka 2021, baada ya Joe Biden kushinda, waziri wake wa Fedha Janet Yellen alisukuma wazo la kiwango cha chini cha kodi kwa kampuni kubwa duniani. Oktoba 2021 nchi 136 zikakubaliana kwamba kampuni zenye mauzo ya kuanzia yuro milioni 750 zilipe angalau 15% popote zilipo, na kwamba nchi zifute kodi zao za peke yao kwa kampuni za kidijitali. Nchi nne zilizokuwa mezani zilikataa kutia saini: Kenya, Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Kenya tayari ilikuwa na kodi ya 1.5% kwa huduma za kidijitali tangu Januari 2021, na haikutaka kuiacha kwa ahadi ya kugawiwa kitu baadaye.

Wakati huo tulionekana wakaidi. Halafu Novemba 2024 Trump akashinda, na siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, akasaini waraka unaosema makubaliano yale hayana nguvu yoyote Marekani. Mwezi uliofuata akasaini mwingine wa kutishia kuziwekea ushuru wa forodha nchi zinazozitoza kampuni za kidijitali za Marekani. India ikafuta kodi yake ya matangazo ya mtandaoni ya 6% kuanzia Aprili. Kanada ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, ingawa kupenda si neno zuri hapa: walipiga kura zao Aprili 28, 2025, wakachagua serikali yao, na tarehe 29 Juni, usiku wa kuamkia siku ya malipo ya kwanza, serikali hiyo ikaifuta kodi yake ya 3% kwa sababu Trump alikuwa amevunja mazungumzo ya biashara. Kodi ya Kanada iliondolewa na uchaguzi uliofanyika nchi nyingine. Uingereza ilibaki na 2% yake.

Kenya ilifanya nini? Ilibadilisha jina na hesabu. Ile kodi ya 1.5% ikaondolewa, na mahali pake, tangu mwisho wa Desemba 2024, pakawekwa kodi ya kampuni ya nje yenye uwepo mkubwa wa kiuchumi nchini. Tuseme programu ya nje imekusanya shilingi milioni 1 kutoka kwa wateja wa Kenya. Zamani ingelipa 15,000. Sasa sheria inachukulia kwamba 10% ya pesa hizo, yaani 100,000, ni faida, kisha inatoza 30% ya faida hiyo: 30,000. Imekuwa maradufu. Sheria ya Fedha ya 2025 ikaondoa hata kile kiwango cha shilingi milioni 5 kilichokuwa kinawasamehe wadogo. Wewe unayelipia matangazo kwenye mitandao, tazama ankara zako. Kampuni nyingi za aina hiyo humsogezea mteja kodi kama hizi, kidogo kidogo.

Sheria za Desemba ziliongeza pia kodi ya nyongeza ya hapa nchini, inayohakikisha tawi la kampuni kubwa ya kimataifa linafika 15%. Naiona ndiyo hatua ya busara kuliko zote za kipindi hicho, na sababu yake ni ya kisiasa. Juni 2025 nchi tajiri za G7 zilikubali kuziondoa kampuni zenye makao Marekani kwenye zile kanuni zinazoruhusu nchi moja kutoza faida iliyopatikana katika nchi nyingine. Lakini kodi ya nyongeza ambayo nchi inaitoza ndani ya mipaka yake iliachwa isimame. Kwa hiyo, katika mambo yote yaliyokubaliwa 2021, lililonusurika uchaguzi wa Marekani bila kuguswa ni lile ambalo kila nchi inajitoza yenyewe nyumbani.

Kuna meza nyingine pia, ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi za Afrika ziliipigania. Novemba 2023 azimio la kuanza mkataba wa kodi lilipita kwa kura 125 dhidi ya 48, nchi tajiri nyingi zikiwa upande wa 48. Februari 2025, wiki mbili baada ya Trump kuingia, wajumbe wa Marekani waliondoka kwenye kikao cha kwanza. Wengine walibaki, na Novemba 2025 mazungumzo yalikuja Nairobi. Lengo ni kumaliza 2027, mwaka wetu wa uchaguzi. Sijasikia mgombea hata mmoja akiulizwa kuhusu hilo jukwaani, na sitarajii.

Kwa hiyo, tukirudi kwenye kura yako ya Agosti 10, 2027: muulize mgombea ubunge mambo mawili tu. Kama ni mbunge wa sasa, alipiga kura gani kwenye miswada ya fedha ya 2023 na 2024? Na ahadi kubwa kuliko zote kwenye manifesto ya chama chake italipiwa na kodi gani? Akisema “tutaziba mianya ya ufisadi”, mshukuru na umsikilize anayefuata. Halafu utie alama Aprili na Mei 2028. Mswada wa Fedha huwasilishwa kufikia mwisho wa Aprili na hupitishwa kufikia mwisho wa Juni, na kati ya hapo kamati ya bunge hupokea maoni ya umma, kwa maandishi au ana kwa ana. Kwa mtindo tuliouona tangu 2013, hicho ndicho kipindi ambacho kodi nzito itajaribiwa tena. Memoranda ya ukurasa mmoja kutoka kwa wenye maduka wa Likoni, yenye hesabu kama ile ya faida ya 12,000, husomwa zaidi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kamati hupata lawama nyingi na tarakimu chache.

Kuhusu kaka yako. Ni kweli pesa za kutuma nyumbani zimewekewa kodi, na ni matokeo ya uchaguzi moja kwa moja. Pendekezo la kwanza lilikuwa kumtoza asiye raia 5% ya anachotuma nje. Baraza la Wawakilishi la Marekani likapitisha 3.5%, kwa kura 215 dhidi ya 214; mtu mmoja angegeuka, mswada mzima ungekwama. Seneti ikaipunguza, na sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikabakiza 1%, kwa raia na asiye raia, kuanzia Januari 1, 2026. Kwa dola 200, tofauti ni dola 10, 7 au 2. Nayo hutozwa pale tu anapompa wakala pesa taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki. Akituma kutoka kwenye akaunti yake ya benki ya huko, au kwa kadi iliyotolewa Marekani, halipi kitu. Mwambie aache kwenda dirishani. Na wewe, pesa zake za matumizi ya nyumbani si mapato ya duka na hazitozwi kodi hapa, lakini zikiingia kwenye laini ile ile ya M-Pesa unayopokelea wateja, siku ya ukaguzi itabidi uthibitishe muamala mmoja mmoja. Fungua Till ya duka, na laini yako iache iwe ya kaka yako na jamaa.